Matheka Amwachisha Mzee Nyonyo

Matheka alikuwa fundi wa kuchonga wanyama. Mpe gogo la muhugu asubuhi, na jioni atakuonyesha twiga aliyeinama kunywa maji, miguu kaipanua, shingo imepinda ilivyo haki yake. Lakini mpe mtoto anayelia, na mikono hiyo hiyo ilikuwa kama ameiazima kwa mtu asiyemjua. Maneno haya yalikuwa yake mwenyewe. Alipenda kujicheka mapema, kabla wenzake hawajapata nafasi.

Alikaa Maringo, katika zile nyumba za baraza la jiji, yeye na mkewe Kavindu na mwana wao wa kwanza. Kwa desturi ya Wakamba mwana wa kwanza alipewa jina la babake Matheka, akawa Ngui. Na kwa kuwa mke mwenye heshima zake hamtaji mkwewe kwa jina, Kavindu hakuweza kumwita mwanawe Ngui. Alimwita Mzee. Ungemsikia akiita kutoka kwenye kamba ya nguo kwamba Mzee amejikojolea, au Mzee ametema uji, na wapangaji wageni walikaa muda mrefu wakiamini kuwa mle ndani mna babu mgonjwa. Matheka naye alimwita Baba. Ni vigumu sana kumkaripia mtu unayemwita Baba, na Matheka hata bila kizuizi hicho hakuwa hodari wa kukaripia.

Nyonyo aliileta nyumbani Matheka mwenyewe, na hilo hakulikana hata siku moja. Kavindu alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akamwachia mtoto mchanga aliyeshiba na kulala fofofo. Hata hajafika barabarani, mtoto akaamka. Matheka alimwimbia, akamtikisa, akamfungulia redio, akamwonyesha kifaru aliyekuwa anasubiri kupigwa msasa. Kilio kikazidi. Mwishowe alimviringisha kwenye shuka, akatoka naye mbio mpaka dukani, akarudi na nyonyo ya mpira yenye pete ya samawati, ile ambayo mtoto hunyonya bila kupata tone la maziwa. Aliitia mdomoni, na mtaa mzima ukatulia.

Tangu siku hiyo Matheka alijiona mlezi wa kupigiwa mfano. Mtoto akifungua kinywa, yeye huziba kwanza na kuuliza baadaye. Aliziba wakati wa taarifa ya habari. Aliziba akinyoa ndevu. Kuna siku aliziba na kumbe mtoto alikuwa anapiga miayo tu. Aliifunga nyonyo kwa kamba na pini kwenye sweta ili isipotee, akawa akiwaonyesha wageni ile kamba kana kwamba ni yeye aliyeigundua duniani. Mtoto akakua, akatambaa, akasimama, akatembea, na nyonyo ikatembea naye. Alipoanza kusema, alisema akiwa nayo kinywani, kwa hiyo hakuna aliyejua neno lake la kwanza lilikuwa nini. Matheka alisisitiza kwamba lilikuwa "Baba". Kavindu alisema lilikuwa kikohozi.

Basi mwaka wa tisini na tano, Kavindu akapata kazi. Wakili mmoja mwenye ofisi karibu na mahakama ya Makadara alitaka mpiga taipu, na Kavindu alikuwa na vidole vyepesi alivyovifunza chuoni na ambavyo tangu kuzaa vilikuwa vikichapa viazi tu. Wakili alimwambia aje wiki moja ya kujaribiwa, na akiridhika naye, Jumatatu inayofuata aanze rasmi. Alimwambia pia, bila kuficha, kwamba kuna msichana mwingine anayeingoja nafasi hiyo, na asiyefika Jumatatu asijisumbue kufika Jumanne. Kavindu aliipokea habari hiyo kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alikuwa amechoka kuwa ndani, na alimwambia mumewe waziwazi kwamba akiikosa hii hatajua atafanya nini na maisha yake.

Shida ilikuwa mtoto. Yaya wa kwanza waliyemwendea alikuwa ameondoka mtaani na wa pili ameolewa. Alibaki Adoyo, jirani wa karibu na bomba la maji, mke wa fundi wa reli, mama wa makamo aliyekuwa akilea watoto wa mtaa mchana kutwa kwenye mkeka wake. Walimwendea wote wawili, wamevaa vizuri kama wanaoenda kuposa. Adoyo alimtazama mtoto, mtoto akamtazama Adoyo, nyonyo ikipanda na kushuka kati yao.

"Baba Ngui, huyu mtoto nitachukua," Adoyo akasema. "Hiyo kitu yake, hapana."

Akawaeleza kwa nini. Aliwahi kupokea mtoto mwenye nyonyo, nayo ikaanguka mkekani, ikaokotwa na wa pili, ikanyang'anywa na wa tatu, ikazunguka vinywa vyote kabla ya saa sita. Jioni ile watoto wa nusu ya mtaa waliharisha pamoja, na mama zao walikuja kwake pamoja vilevile. Hataki tena. Mtoto aje Jumatatu bila nyonyo, au asije.

Hapo ndipo Matheka alipojitia kitanzi. Mtu mwenye busara angesema watajaribu. Matheka alicheka, akampungia Adoyo mkono, akasema hiyo ni kazi ndogo, yeye mwenyewe atakaa nyumbani wiki ile na kumaliza jambo hilo kabla ya Ijumaa. Kavindu aliyasikia maneno hayo akafumba macho kidogo. Alikuwa amewahi kuyasikia kuhusu kabati la vyombo, ambalo bado lilikuwa mbao.

Siku ya kwanza alianza na shubiri. Kila mtu aliyelelewa Ukambani anajua kwamba mtoto huachishwa ziwa kwa kitu kichungu, na jirani mmoja alikuwa na mshubiri kwenye mkebe wa rangi mlangoni. Matheka aliomba jani, akalikata, akaipaka nyonyo utomvu wake kwa ustadi wa mtu aliyezoea kupaka vinyago rangi ya viatu, akamkabidhi mwanawe. Mtoto alinyonya mara moja. Uso ukakunjamana, macho yakajaa machozi. Akaitoa nyonyo, akaitazama kwa mashaka, kisha kwa moyo wa ukarimu ambao wazazi wake walikuwa wamemfundisha wao wenyewe, akamnyooshea babake ajaribu.

Matheka aliona akikataa atamfundisha mtoto choyo, akafungua kinywa. Alishinda bombani akisukutua mpaka foleni ya wenye ndoo ikalalamika. Aliporudi alimkuta mwanawe kaketi mlangoni, nyonyo mdomoni, ananyonya kwa utulivu wote. Uchungu ulikuwa umemzoea, au yeye ameuzoea. Matheka ndiye aliyekula ugali wa jioni ile ukiwa na ladha ya dawa.

Baada ya hapo akafikiri kama fundi. Aliona mtoto anapenda umbo la kitu kile, na umbo ni kazi yake. Akachukua kipande cha mti laini, akachonga nyonyo ya mbao kubwa kama ngumi, isiyoweza kumezwa na mtu yeyote, akiwa na hakika kwamba mtoto atakubali kubadilishana na baada ya muda ataichoka kwa ugumu wake. Alitumia siku nzima. Nia yake ilikuwa kuchonga kitu kibaya, lakini mikono ilikataa. Akajikuta anapiga msasa pete, anarekebisha mviringo, anaitazama kwa mbali jicho moja kafumba. Wakati huo wote mtoto alikuwa kando yake ananyonya ile ya mpira. Alipokabidhiwa ile ya mbao aliipokea kwa furaha, akaanza kupigia sufuria. Sasa kelele zilikuwa mbili, na Matheka hakuwa na wa kumlaumu.

Ikafika siku ya tatu, akaamua kuwa mwanamume. Aliifungua ile kamba, akaiweka nyonyo juu ya kabati la nguo, akamwambia mwanawe kwamba imeisha. Mtoto hakumwelewa mwanzoni. Alipoelewa, alilia kilio ambacho Matheka hakuwahi kukisikia, maana muda wote alikuwa akikiziba kabla hakijafika hapo. Alilia akijitupa sakafuni. Matheka alizunguka chumba, akasimama, akazunguka tena. Hakumwinua. Aliogopa kumwinua, kwa sababu angemwinua na bado alie, ingemaanisha hata mikononi mwa babake hapati faraja, na hilo Matheka hakutaka kulijua.

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia Mzee Ngui mwenyewe, babake Matheka, moja kwa moja kutoka Wamunyu, na kofia yake na fimbo yake na mfuko wa kunde. Alikuwa amekuja kumwona wajina wake. Alimwona.

"Nani ameniliza?" akauliza.

Matheka akaeleza. Akaeleza kazi ya Kavindu, akaeleza mkeka wa Adoyo na watoto walioharisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, polepole, ni nani aliyemliza, na ni kitu gani chake kilichochukuliwa, na kimewekwa wapi. Mtu mwenye jina lake ni yeye. Anayemnyima mtoto huyu amemnyima yeye, na yeye alikuwa bado hajafa wala hajafika umri wa kunyimwa vitu na wanawe. Akatoa kopo la ugoro mfukoni, akaliinua Matheka alione, akamwuliza kama siku moja atalichukua na hili aliweke juu ya kabati. Matheka akapanda kwenye kiti, akaishusha nyonyo. Mtoto akanyamaza. Wazee wawili wakaketi wakitazamana kwa maelewano, mmoja ananusa, mmoja ananyonya. Mzee Ngui aliiona ile ya mbao sakafuni, akaigeuzageuza, akasema pete yake ni nene upande mmoja.

Kavindu aliporudi kutoka Makadara alielewa yote kabla hajaweka mkoba chini. Kumpinga mkwewe lilikuwa jambo lisilofikirika. Alimsalimu kwa adabu, akampikia chai, akampisha kiti kizuri. Kisha akachukua ndoo na kumwambia mumewe amsaidie kubeba maji, jambo ambalo hakuwahi kumwomba.

Bombani alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wakili ameisifu kazi yake, na ofisi ina dirisha linalotazama barabara, na kwamba mchana ule alicheka na watu wazima wenzake mpaka akashangaa kusikia sauti yake. Alisimama kidogo, maji yakifurika ndoo.

"Matheka, mimi Jumatatu nitaenda," akasema. "Wewe utajua utafanya nini."

Matheka hakulala vizuri. Aliona haya. Alikuwa na mke aliyeomba jambo moja, na yeye kwa muda wote huo alikuwa amefanikiwa kulamba shubiri na kuchonga kifaa cha kupigia sufuria.

Ijumaa Mzee Ngui alitaka kuona banda ambalo mwanawe anafanyia kazi, kwani yeye pia alikuwa mchongaji enzi zake na alishuku vijana wa mjini wanaharibu fani. Banda lilikuwa ng'ambo ya barabara ya Jogoo, nyuma ya duka la mbao. Akaamuru wajina wake aje pia. Matheka akauliza habari ya nyonyo, na Mzee akasema ataibeba yeye, kwa kuwa ni mali yake. Kisha akajipapasa kuhakikisha ana ugoro, akaridhika, wakaondoka.

Bandani mtoto aliwekwa juu ya gunia, mbali na tezo. Alikuwa hajawahi kuona mahali kama hapo. Maganda ya mbao yalimwangukia miguuni yamejikunja kama nywele, akayakusanya, akayatupa juu, akayakusanya tena. Akamshika tembo mkonga, akamwonyesha kiboko yale meno yake machache. Wachongaji walimwita Mzee Kijana, na Muoki, aliyechonga swala pekee na kusema maneno ya watu mia, akamtengenezea kofia ya gazeti. Asubuhi yote ikapita hivyo. Matheka alikuwa akijipapasa mfukoni kila mara kutafuta nyonyo, akakumbuka kuwa iko kwa mzee, akajipapasa tena. Mtoto hakuiulizia.

Jua lilipopanda, usingizi ukamjia, na hapo akakumbuka. Alijigusa sweta, akakosa kamba. Midomo ikaanza kutetemeka. Matheka akamgeukia babake, na babake akaingiza mkono mfuko wa kulia akatoa ugoro, mfuko wa kushoto akatoa leso, mfuko wa ndani akatoa kitambulisho.

"Tumeisahau," Mzee Ngui akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaonekana ana hatia.

Kilio kikaanza. Tezo zikanyamaza moja moja. Matheka alikuwa ameshasimama, tayari kukimbia mpaka Maringo na kurudi, lakini Mzee akaweka fimbo mbele ya miguu yake.

"Keti chini," akamwambia. "Nishike."

Matheka hakuelewa mara moja nani ashikwe. Kisha akaketi juu ya gogo, akamwinua mtoto, akamweka kifuani juu ya aproni yenye vumbi. Mtoto alilia, na Matheka akaona hofu yake imetimia: anamshika na bado analia. Lakini hakukuwa na mahali pa kukimbilia, watu wote wakimtazama, na kitu cha kuziba hakuna. Akaendelea kumshika. Mikono haikujua ikae wapi, basi ikakaa ilipoangukia. Akaguna wimbo ambao hakujua kama bado anaukumbuka, maneno nusu. Mtoto alilia mpaka kilio kikachoka, kikawa kwikwi. Kisha mkono wake mdogo ukaanza kutembea usoni pa babake, ukapita kwenye ndevu, ukapita shavuni, ukafika sikioni. Ukalishika sikio, ukalibana lile nofu la chini kati ya vidole viwili, ukawa unalisugua taratibu. Macho yakafumba.

Mzee Ngui alifungua kopo lake, akanusa kidogo kila upande.

"Basi ndicho nilichokuwa nalilia," akasema.

Matheka aliinamisha kichwa ili wasimwone. Walimwona. Muoki alimwambia baadaye kwamba vumbi la muhugu linauma sana macho, na akamwambia kwa upole uliomshangaza.

Jumamosi na Jumapili mchana nyonyo ilikaa juu ya kabati, na safari hii aliyeiweka huko ni Mzee Ngui, kwa hiyo haikuwa kunyimwa, ilikuwa kuacha. Usiku mtoto alipewa kidogo, kisha kwa muda mfupi zaidi, na kila alipoitafuta alikuta sikio. Jumatatu Kavindu alivaa sketi yake ya kijivu akaenda Makadara, na hakugeuka nyuma, jambo ambalo Matheka alilisimulia kwa fahari na wivu kidogo.

Adoyo alimpokea mtoto bila nyonyo na bila neno. Lakini baada ya chakula cha mchana alimtuma mtu bandani. Mtoto amecheza vizuri, amekula vizuri, sasa anataka kulala na anataka sikio. Adoyo alikuwa amempa lake. Mtoto alilishika, akalibana, akaliachilia kama mtu aliyepewa noti bandia. Baba Ngui aje haraka.

Akaja. Akavua viatu, akalala mkekani katikati ya watoto wa watu, mmoja akamwekea miguu tumboni, mwanawe akalishika sikio akalala. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Wachongaji walizoea kumwona akiweka tezo chini saa ile ile.

"Nyonyo imeenda job," Muoki aliwaambia wateja waliomuulizia. "Itarudi ikishanyonywa."

Ilikuwa kweli. Matheka alikuwa amenunua mpira ili asisumbuliwe na mtoto, na sasa mpira ulikuwa umepata likizo, yeye ndiye kaajiriwa. Sikio la kulia likawa jekundu na kubwa kidogo kuliko la kushoto. Alimwonyesha Kavindu kwenye kioo, akitaka ahurumiwe. Kavindu, aliyekuwa amechapa hati tangu asubuhi na bado anaimba, alimwambia alale upande mwingine.

Adoyo ndiye aliyeanza kumpunguza Matheka. Alimwambia achelewe kidogo. Kisha achelewe zaidi. Kisha aketi karibu tu bila kulala. Matheka alitii kwa shingo upande, akisema mtoto bado mdogo, hali ya hewa ni mbaya, sikio halina taabu. Adoyo alimsikiliza kama alivyowasikiliza watoto wote wa mkeka wake.

Halafu mchana mmoja alifika, akiwa amekimbia sehemu ya njia, akamkuta Adoyo mlangoni ameweka kidole mdomoni.

"Amelala, Baba Ngui," akanong'ona. "Peke yake. Hata hajakuulizia."

Matheka alijua anapaswa kufurahi. Kazi ya Kavindu ilikuwa salama sasa, ahadi imetimia, na yeye yuko huru kuchonga mpaka jioni. Badala yake alihisi ameachwa kituoni. Alichungulia ndani. Mwanawe alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono umenyooshwa juu ya mkeka, vidole havijashika kitu chochote.

Akavua viatu. Akapita kwa kunyata kati ya watoto, akajilaza, akasogeza kichwa polepole mpaka sikio likagusa vile vidole, akangoja. Vidole havikujikunja. Akasogea tena kidogo.

Adoyo alimtazama kutoka mlangoni.

"Na wewe," akasema, "nikuachishe na nini?"